Vipuri Visivyo na Duka

Kampuni ya Robey ya mjini Lincoln, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1854, ilifunga milango miaka ya 1980. Karakana za Krupp-Gruson za Magdeburg, Ujerumani, ziliangukia upande wa Warusi baada ya Vita Kuu ya Pili, zikataifishwa na kubadilishwa jina. Hao wawili walikuwa na jina kubwa katika mitambo ya kuchakata mkonge, ile ambayo Korogwe mkubwa kwa mdogo anaiita korona. Leo ukitaka ngoma, gia au nyumba ya beringi ya mtambo wa aina hiyo, hakuna wa kumwandikia barua kiwandani. Hata hivyo Korogwe mkonge unachakatwa. Magoma, Magunga, Mwelya, Ngombezi, Hale: trekta linaingia na tela la majani, mtambo unawashwa, na singa zinatoka upande wa pili zikichuruzika maji.

Anayeufanya mtambo huo uendelee kuzunguka ni fundi wa korona. Kazi yake ndiyo ninayotaka kuisifu, na nitaisifu polepole, maana ikifanyika vizuri haionekani. Mkulima anaona robota lake. Mnunuzi anaona daraja la singa. Fundi anaonekana siku korona ikisimama tu, na siku hiyo kila mtu anamtazama kwa jicho baya.

Historia yenyewe nitaipita haraka. Mkonge uliletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893. Miche ilitoka Florida kupitia Hamburg, ikanusurika 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli ya Tanga ilipopanda bara kupitia Korogwe, mashamba yakaifuata. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za singa. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zikawa adimu kama dawa. Kuagiza spea kutoka Ulaya kulikuwa ni kuandika maombi na kungoja. Nadhani ufundi ninaouzungumzia ulikomaa wakati huo, kwa shida. Mtu akijua kipuri hakiji, anaacha kungoja na kuanza kupima.

Ili kazi ya kupima ieleweke, inabidi kuingia ndani ya korona. Majani yanapangwa kwa kukingama juu ya meza inayotembea, yakiwa yamefunguliwa kutoka kwenye matita yake. Yanabanwa katikati na kupelekwa kwenye ngoma ya kwanza. Ngoma hii ni gurudumu pana la chuma lililofungwa visu bapa kuvuka mgongo wake. Visu hivyo si vikali, wala havitakiwi kuwa vikali. Kazi yake ni kuponda na kukwangua, si kukata. Ngoma inazunguka mamia ya mara kwa dakika mbele ya kitako cha chuma kilichopinda kuufuata mviringo wake, na jani linapita katikati huku likimwagiwa maji. Nyama ya jani inabanduka, singa zinabaki. Kisha upande uliokwisha safishwa unabanwa, upande uliokuwa umebanwa unaachiwa, na ngoma ya pili inaumalizia. Korona nzima inameza zaidi ya majani elfu kumi kwa saa. Katika kilo 100 za majani hupati zaidi ya kilo nne au tano za singa kavu. Zilizobaki ni maji na makapi.

Kila kitu kinategemea lile pengo kati ya kisu na kitako, milimita moja au mbili hivi. Likibana mno, visu vinakata singa na kuzipeleka na makapi. Mkulima anapoteza uzito bila kuona umekwenda wapi. Likilegea mno, singa zinatoka zikiwa na ukijani na vipande vya ganda, zikianikwa zinakauka navyo, na mezani kwa mpangaji madaraja zinashushwa. Tena mkonge haulingani. Mkonge wa zamani una jani refu. Chotara wa namba 11648, aliyezalishwa na watafiti hapa hapa Tanga, ana majani mengi zaidi yenye umbo lake. Jani la msimu wa mvua limejaa maji, la kiangazi limekazana. Fundi anayejua kazi hatumii pengo moja mwaka mzima. Anasogeza kitako kwa robo ya mzunguko wa nati, anangoja singa chache zipite, anazichukua, anazinyoosha mbele ya mwanga, anaangalia ncha, anaangalia shina. Ndipo anasogeza tena.

Adui mkubwa wa mtambo huu ni mkonge wenyewe. Maji ya jani yana uchachu unaowasha ngozi ya mikono na kula chuma. Mchanga wa shambani unakuja na majani na kuingia kila mahali. Ongeza maji ya kuoshea yanayotiririka mchana kutwa, na mtikisiko. Visu vinaliwa, kitako kinaliwa, vifuniko vya beringi vinaruhusu maji kuingia, na shafti inachimbika pale inapokaa kwenye beringi. Waundaji wa kwanza waliyajua hayo, ndiyo maana vyuma vyao vilikuwa vinene. Hata hivyo hakuna unene unaoshinda uchachu kwa miaka sitini.

Tuanze na visu. Kisu kikiisha, fundi anakata kingine kutoka kwenye ubapa wa shaba ngumu au wa chuma kisichoshika kutu, akipata. Asipopata, anatumia chuma cha kawaida na kukubali kwamba atarudia kazi mapema. Anakitoboa kwa keekee, anakisawazisha kwa tupa kwenye jiriwa. Mpaka hapo mtu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza. Kinachotofautisha mafundi ni kinachofuata: anavipima visu vyote kwenye mizani, kimoja kimoja, na kuviandika uzito kwa chaki. Vinavyolingana vinafungwa pande mbili zinazotazamana. Kisu kizito upande mmoja na chepesi upande wa pili ni ngoma inayotikisika, na nguvu ya mtikisiko huo haipandi sambamba na mwendo. Mwendo ukizidi maradufu, yenyewe inazidi mara nne. Gramu chache ambazo ukizishika mkononi huzihisi zinaua beringi.

Hata baada ya kupima, haamini. Anachukua vyuma viwili virefu vilivyonyooka, anaviweka sambamba juu ya vitalu, anahakikisha kwa pima maji kwamba vimelala sawasawa kila upande. Ngoma inainuliwa kwa mnyororo na kulazwa juu yake, ikikaa kwa ncha mbili za shafti. Kisha anaisukuma kwa kidole. Inabingirika kidogo, inasita, inarudi, inatulia. Anatia alama ya chaki chini kabisa. Anaisukuma tena kutoka mahali pengine. Alama ikirudi chini tena, basi upande huo ni mzito. Anapunguza kwa kutoboa au kusaga kidogo, au anaongeza kipande upande wa juu, na kuanza upya. Inaweza kuchukua asubuhi nzima. Kazi imekwisha pale ngoma inapotulia popote, leo hapa, mara ijayo pale, bila kupendelea upande. Hakuna kompyuta hapo, na sidhani kama kompyuta ingeongeza chochote kwa ngoma ya mwendo ule.

Kwenye mitambo ya zamani shafti nyingi zilikaa ndani ya vikombe vilivyopakwa mchanganyiko laini wa bati, si kwenye beringi za gololi. Kikombe kikiisha, duka la spea haliwezi kukusaidia, lakini fundi anaweza kukimwaga upya. Mabaki ya zamani yanayeyushwa na kutolewa, kikombe kinasafishwa mpaka king'ae, kinapashwa moto ili mchanganyiko usigande kabla haujashika. Shafti inafukizwa moshi mpaka ipate masizi membamba, ili isishikane na kinachomwagwa. Kujua kama bati limefikia joto lake, fundi anachovya kijiti kikavu: kikibadilika rangi na kuungua polepole bila kuwaka, ni wakati wake. Anamwaga kwa mkupuo mmoja bila kusita, maana ukisita katikati unapata mshono, na mshono ni ufa unaosubiri siku yake. Baada ya kupoa kinafuata kile ninachokiheshimu kuliko yote. Shafti inapakwa rangi nyembamba, inalazwa, inazungushwa, inaondolewa. Palipoguswa panaonekana. Fundi anapakwangua hapo kwa kikwangulio, kidogo sana, na kurudia mpaka alama zisambae kikombe chote. Siku hizi wengi wanabadilisha, wanafunga beringi za kununua na kuzichongea makazi. Ni sawa, na mara nyingi ni bora. Ila anayebadilisha vizuri ni yule yule aliyeweza kukwangua.

Liko pia tatizo la inchi. Mtambo wa Lincoln uliundwa kwa inchi, na bolti zake zilikatwa uzi wa Whitworth, kipimo alichokipanga Joseph Whitworth mwaka 1841. Pembe ya uzi huo ni nyuzi 55. Bolti inayouzwa leo Korogwe mjini ni ya milimita, na pembe ya uzi wake ni nyuzi 60. Zinakaribiana kiasi cha kumdanganya kijana mwenye haraka: nati inaingia mizunguko miwili, inakaza, anaipiga spana kwa nguvu, inaonekana imeshika. Imeshika kwa ncha tu. Mtikisiko wa wiki mbili unatosha kuing'oa, na kitu kikilegea karibu na ngoma inayozunguka kinaondoka na mkono wa mtu. Fundi mzee anaweka bolti za zamani kwenye kopo lake, hata zilizopinda, na anajua ipi ni ya wapi. Zikimwishia, anapanda kwenye kerezo na kuikata upya kwa kipimo chake cha asili, au anatoboa tundu kubwa zaidi na kulihamishia lote kwenye milimita. Njia ya pili inataka ujasiri na kumbukumbu, kwa sababu anayefuata lazima aambiwe.

Gia kubwa ndizo shughuli pevu. Gia ya chuma cha kusubu ikivunjika meno mawili, inaweza kuokolewa: sehemu inachongwa mfereji, meno mapya yanachongwa pembeni na kupachikwa kwa skurubu na kuchomelewa kwa moto wa taratibu, maana chuma hicho kikipashwa ghafla kinapasuka. Ikivunjika zaidi ya hapo inasubiwa nyingine. Seremala anatengeneza kielelezo cha mbao, nacho anakifanya kikubwa kuliko gia yenyewe kwa karibu asilimia 1, kwa sababu chuma kikipoa kwenye kalibu ya mchanga kinanywea kiasi hicho. Asiyelijua hilo hupata gia nzuri inayokataa kukaa mahali pake. Kwa miaka mingi kazi za namna hii zilikuwa na nyumba yake katika karakana kuu ya Ngomeni, wilayani Muheza, iliyohudumia mashamba ya mkonge. Kielelezo cha mbao kilichohifadhiwa vizuri, mbali na mchwa, ni mali kuliko gia yenyewe, kwa kuwa gia ni moja na kielelezo kinazaa nyingi.

Ndiyo maana biashara ya vyuma chakavu inaniuma. Mashamba mengi yalipofungwa miaka ya 1980 na 1990, korona zake zilibaki kwenye mabanda yaliyoota majani. Kwa macho ya fundi lile banda lilikuwa ghala la spea: shafti nzima hapa, kitako kisichochoka pale, nusu ya gia inayoweza kutoa meno ya mfano. Kwa macho ya mwenye mizani lilikuwa kilo. Vyuma vilivyochongwa kwa vipimo ambavyo hakuna kiwanda tena duniani chenye michoro yake mezani viliyeyushwa na kuwa nondo. Sioni kosa kwa kijana aliyeuza, alihitaji kula. Naona kosa kwamba hakutumwa mtu mwenye kalamu na kalipa kupita kwanza, akachora na kupima kabla ya gari la vyuma kufika.

Vuka upande wa Handeni uone jinsi mambo yanavyoweza kwenda kwa namna nyingine. Kabla umeme haujafika vijijini, mashine nyingi za kusaga mahindi zilisukumwa na injini ya dizeli, na jina lililotajwa zaidi lilikuwa Lister. Injini hiyo ya mwendo wa polepole iliundwa Dursley, Uingereza, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930 mpaka mwaka 1987. Ile maarufu ya nguvu farasi 6 inazunguka mara 650 tu kwa dakika, ina magurudumu mawili mazito pembeni, inapozwa kwa pipa la maji linalojizungusha lenyewe kwa joto, na inawashwa kwa hendeli. Iliachwa kuundwa Uingereza, lakini haikufa, kwa sababu viwanda vya Rajkot, India, viliendelea kuinakili. Mwenye mashine ya kusaga aliweza kununua pistoni, ringi na bushi za jina lile, hata injini nzima.

Sasa tazama fundi anavyoipokea injini hiyo mpya ya nakala. Haiwashi. Anaifungua kwanza, kwa sababu anajua kwamba mara nyingi mchanga wa kalibu umebaki ndani ya bloku. Anaisafisha kwa dizeli na brashi, anaichokoa kwenye pembe, anaifuta, anaisafisha tena mpaka kitambaa kitoke kisafi. Mwenye mali anaona muda unapotea. Fundi anaona mchanga ule ukiingia kwenye oili na kuisaga shafti mpya kabla ya mavuno yajayo. Duka lipo, spea zipo, na bado bila jicho la fundi ulichonunua ni uchakavu uliofungwa kwenye boksi. Hilo ndilo linalonifanya nisilie sana kwamba korona haina Rajkot yake. Upatikanaji wa kipuri ni nusu ya jambo.

Mkonge wa Handeni nao unalitegemea jicho hilo la fundi moja kwa moja. Kuanzia Segera kwenda Kabuku unauona kandokando ya barabara kuu, na wakulima wadogo wa mkoa mzima wa Tanga wanazidi kuupanda. Jani likishakatwa halingoji. Baada ya siku mbili hivi linaanza kunyauka na kushika singa zake, na rangi inaharibika. Tena ni jani ambalo zaidi ya tisa katika kumi ya uzito wake litatupwa, kwa hiyo kila kilomita ya tela ni gharama ya kubeba maji. Korona ikisimama siku tatu, aliyekwisha kata amepoteza. Wapo wanaotumia mashine ndogo za kulishwa kwa mkono, nazo zinasaidia sana mahali pa mbali, lakini mlishaji anashika jani mkononi mbele ya ngoma inayozunguka, na kasi yake haifiki hata karibu. Wakulima wa Korogwe walioingia kwenye mkonge tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao sasa wako kwenye vyama vyao vya AMCOS, wanajua vizuri kupanga foleni ya korona. Foleni hiyo inaenda kwa uaminifu wa beringi.

Kijana anayejifunza kazi hii kwa kawaida huanza na grisi, na ni shule nzuri. Mwenye grisi anafika kila mahali kila siku. Anajua ipi inapata joto na ipi haipati. Halafu anafundishwa kusikiliza. Anakuja mbio:

"Fundi, inalia!"

"Inalia wapi, mwanangu?"

"Huko ngoma ya pili."

"Nenda ukasikilize kwanza, kisha uje uniambie ni upande wa mkanda au upande wa pili."

Anachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni. Beringi nzima inavuma mfululizo. Iliyoanza kuchimbika inakwaruza kwa mapigo, na mapigo yale yakihesabika, kuna siku kadhaa za kujipanga. Yakichanganyika, simamisha leo. Fundi angeweza kwenda mwenyewe na kurudi na jibu kwa nusu dakika. Kumtuma kijana ni uamuzi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi muhimu kuliko zote anazofanya siku hiyo.

Natamani uamuzi huo ulipiwe. Mafundi wenye vipimo vya korona kichwani wanazeeka, na vijana wa VETA wanaojua kukereza vizuri hawana njia nyepesi ya kukaa mwaka mmoja au miwili karibu nao. Bodi ya Mkonge, vyama vya wakulima na wenye mashamba wana sababu moja ya kukaa meza moja juu ya hili: michoro. Kila shafti, kila kikombe, kila gia ya kila korona ya Korogwe ipimwe, ichorwe, iandikwe ni inchi au milimita, na nakala zikae mahali zaidi ya pamoja. Si kazi ya mamilioni mengi. Ni ya watu wawili, mzee na kijana, wakipewa muda.

Muda wenyewe upo. Masika yakikolea, singa hazikauki kwenye nyaya, na mashamba mengi hupunguza kukata. Hapo korona hufunguliwa. Ngoma inatoka, visu vinapimwa, vikombe vinakwanguliwa, mashimo ya shafti yanajazwa kwa kuchomelewa na kukerezwa upya. Mvua ikikatika, majani ya kwanza yanapitishwa taratibu, na fundi hakai kwenye mtambo. Anazifuata singa mpaka kwenye nyaya, anangoja zikauke, anarudi kuzishika. Ukijani ukionekana kwenye shina, anarudi ngoma ya pili na spana yake, robo mzunguko, na kuomba tela jingine.